Korongo Hawana Kamati

"Ugomvi niliousuluhisha katika ufuko huu hauhesabiki," Bibi Justa alikuwa akisema, kifua mbele, kanga imekazwa kiunoni. "Toka hapa Igogo mpaka Pasiansi, mtafuteni mwanamke mwingine aliyepatanisha watu kama mimi. Mkimpata mniletee nimwamkie."

Kisha, kwa kuwa sifa ndefu humchosha hata mwenye kujisifu, akaongeza kwa sauti ya chini: "Mwingi niliuanzisha mwenyewe. Ndiyo maana nilijua unapoishia."

Huu wa korongo aliuanzisha pia, ila safari hii hakujua unapoishia.

Ufuko wenyewe unaitwa Jiwe Pana. Juu, kwenye bega la mwamba linalopokea upepo wa ziwa, ndipo palipo vichanja, zile meza za nguzo na nyavu ambazo Justa na wenzake huanikia dagaa. Chini, kwenye mchanga, ndipo wanapoanika akina Dorcas. Dagaa ni wale wale. Wamevuliwa usiku mmoja kwa taa zile zile, wameshuka katika mtumbwi mmoja. Lakini yule wa kichanjani husafiri hadi Dar es Salaam akaliwa na watu na kusifiwa, na yule wa mchangani huliwa na kuku, ambao hawajawahi kumsifu mpishi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wa chini nao wasiwe na vichanja. Swali zuri. Mradi ulikuja kulijibu. Ulikuwa mradi wa kuwainua akina mama wa hali ya chini, ukaleta nguzo na nyavu mpya, ukauliza kwa adabu: nani ana uzoefu wa vichanja? Wenye vichanja wakanyoosha mikono, wakapewa vingine. Wasio navyo wakashauriwa wapate uzoefu kwanza ndipo waombe, yaani mtu ajifunze kuogelea kwenye shamba la mihogo. Picha zikapigwa. Justa alisimama mbele katika picha, akiwa mwanamke wa hali ya chini mwenye vichanja vingi kuliko wote.

Pale kwenye bega la mwamba ndipo palipokuwa maisha yake. Mumewe alikwisha tangulia, watoto wako Bukoba na Kahama na wanapiga simu siku za sikukuu. Lakini asubuhi akisimama kwenye vichanja vyake, kila anayepita na karai kichwani humwamkia: "Shikamoo Bibi Justa." Naye hujibu "marahaba" bila kugeuka, kama mtu mwenye shughuli. Ukimnyang'anya bega lile, umemnyang'anya asubuhi zake zote.

Sasa korongo. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa. Mgeni aambiwe tu kwamba ni ndege mrefu kama mtoto wa shule, ana upara wenye madoa, shingoni kananing'inia kamfuko, na hutembea mabawa yamefungwa mgongoni kama mkaguzi anayetafuta kosa. Hula chochote kilichooza na baadhi ya visivyooza. Zamani korongo wa Jiwe Pana walikuwa wachache, wakikaa juu, karibu na pale wanapotumbulia sangara, maana utumbo ulikuwa pale. Tatizo ni kwamba pale ni jirani na vichanja vya Justa, na korongo akishashiba hutafuta mahali pa kuacha shukrani zake. Nyavu za Justa zikawa zinapata shukrani kila siku.

Justa alipiga kelele, akarusha mawe, akasali. Mwisho akatumia akili. Asubuhi moja alijaza utumbo kwenye ndoo, akaifunika na kanga, akazunguka nyuma ya mwamba, akaimwaga kule chini, pembeni ya mchanga wa Dorcas. Korongo wakamfuata kama waumini. Siku ile vichanja vyake vilikuwa safi kama kitambaa cha altare.

"Mama Justa, hiyo ndoo?" Wilhelmina, jirani yake wa kichanja, alimuuliza kesho yake.

"Ya bata wangu."

Bata wa Justa walikuwa na sifa moja: hakuna aliyewahi kuwaona.

Basi ikawa desturi. Korongo mmoja, mkubwa kuliko wenzake, mwenye kidole kilichopinda, akawa anamngoja njiani kabisa. Kwa jinsi alivyotembea kwa madaha na koti lake jeusi, Justa akamwita Bwana Harusi. Walikuwa wakizungumza. Yaani Justa alizungumza, Bwana Harusi akagonga mdomo.

Kule chini mambo yakaharibika. Korongo walipomaliza utumbo waliingia kwenye dagaa, wakala, wakakanyaga, wakaacha shukrani. Akina Dorcas wakarusha mawe. Korongo wakaruka, wakatua juu vichanjani. Wa juu wakarusha mawe, wakatua chini. Siku moja jiwe halikumpata korongo, likampata Wilhelmina begani. Wilhelmina ni mtu wa amani, kwa hiyo alishuka na karai zima la dagaa wabichi akalimwaga kichwani kwa Dorcas. Hapo vita vikawa rasmi. Wa juu wakawaita wa chini "chakula cha kuku". Wa chini wakawaita wa juu "wazungu wa nyavu". Wakaacha kuzikana.

Masalu, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao kwenye banda la mnada wa samaki. Ni Msukuma mpana, mpole, anayeamini kwamba kila jambo duniani lina kamati yake.

"Mama zangu," alisema, "tungekuwa na namna tungewaita korongo wenyewe tukawasuluhisha. Lakini korongo hawana kamati. Nimeshaambiwa: mkiendelea, ufuko unafungwa. Wote mtaanika dagaa barazani kwenu."

"Kuna mtu anawaleta," Dorcas alisema. Ni mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na kwa sababu hiyo anaogopwa. "Nimekuta utumbo wa sangara kwenye mchanga wangu. Mimi situmbui sangara. Sangara hajajitumbua akaja."

Macho yakaanza kutembea. Justa akaona ni vyema yeye awe wa kwanza kukasirika.

"Kama yupo," akasimama, kidole juu, "na abainike! Na akibainika, vichanja vyake wapewe wale aliowaharibia, naye ashuke mchangani akaone kulivyo! Andika hiyo, Masalu!"

Banda zima likapiga makofi. Justa alikuwa ameshakaa chini ndipo masikio yake yalipofikiwa na maneno ya mdomo wake. Masalu akauliza wanaoafiki. Mikono yote ikanyooka, na wa Justa, kwa mazoea ya kuwa mbele, ukawa juu kuliko yote.

Kwa kumtafuta huyo mwenye makosa, Masalu akaleta mtaalamu. Alikuwa kijana wa Kihaya, mrefu, shati limenyooshwa, ana karatasi kubwa kama shuka na kalamu nene za rangi.

"Shikamooni mama zangu. Naitwa Jovinary Rutashobya. Nimesomea fikra za mifumo."

"Pole," akasema Justa. "Zinakushika saa ngapi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, jambo lililomharibia Justa hesabu zake.

"Ni namna ya kutazama tu, mama. Ugomvi ukiutazama vipande vipande unaona watu wabaya. Ukiutazama mzima unaona mzunguko. Hiki kinasukuma kile, kile kinasukuma kingine, mwisho kinarudi kumpiga mgongoni aliyesukuma wa kwanza."

"Ngoja kwanza, mwanangu," Justa akasogea na kiti chake. "Kwa hiyo watu wabaya hawapo?"

"Mara nyingi mtu hafanyi kwa ubaya. Anafanya kinachoonekana busara pale aliposimama."

Justa ni Mkatoliki toka ubatizo, na hakuwa amewahi kusikia ondoleo la dhambi linalotolewa bila kuungama. Akaipenda elimu hii mara moja.

"Andika hivyo," akasema. "Andika kwa ile nyekundu. Kosa ni la mfumo."

Tangu dakika ile akawa mwanafunzi bora. Wilhelmina alipokanyaga mguu wa jirani, Justa akasema ni mfumo. Mtu alipomwaga chai, mfumo. Masalu alipopiga chafya, Justa akamtazama kwa huruma, "Mfumo huo, ngosha, ujifunike."

Jovinary akabandika shuka lake la karatasi ukutani akaanza kuchora maduara na mishale. Alianzia mchangani. Dagaa wa mchangani wana mchanga, kwa hiyo wanakwenda kwa kuku. Anayeuza kwa kuku hapati cha kununulia nguzo. Asiye na nguzo hana kichanja. Asiye na kichanja anaanika mchangani. Mshale ukazunguka ukarudi ulikotoka.

Dorcas akausogelea ukuta, akaufuata mshale kwa kidole.

"Kumbe," akasema Dorcas taratibu. "Mimi miaka yote hii nadhani nimerogwa."

"Na mwenye kichanja," Jovinary akaendelea, "wavuvi wanamtafuta yeye kwanza, kwa kuwa ana mahali pa kuanika haraka. Anapata dagaa wabichi zaidi. Ndiyo maana mradi ukija, unamkuta yeye ndiye anayependeza. Unamwongezea."

"Mishale yote inapanda mlima," Dorcas akasema. "Kinachoshuka kwetu ni maji ya kuoshea karai."

"Usimtazame Bibi Justa unaposema hivyo," Wilhelmina akamtetea rafiki yake. "Umesikia kosa ni la mfumo."

"Simtazami yeye. Natazama upande wa juu. Yeye ndiye ameketi huko."

Justa akajifanya anasoma maduara. Kwa kweli alikuwa ameanza kuyasoma. Alisoma mpaka darasa la saba, na herufi hazimsumbui. Kilichomsumbua ni kwamba picha ile ilikuwa inamfahamu. Alikuwa siku zote akijua kwamba vichanja alivipata kwa bidii. Sasa hapo ukutani bidii haikuwa na duara lake. Alitafuta kwenye kona zote.

"Bidii umeisahau, mwanangu," akasema.

"Dorcas huwa anaamka saa ngapi, mama?"

Dorcas huamka kabla ya jogoo, na jogoo mwenyewe anajua.

Kijana akahamia kwa korongo. Duara: korongo wengi mchangani. Mshale: mawe. Mshale: wanarukia vichanjani. Mshale: mawe yanarudi chini. Mshale: Wilhelmina. Wilhelmina akafurahi kuona jina lake limeandikwa kubwa.

"Sasa hapa," Jovinary akachora duara tupu lenye alama ya kuuliza, "kuna kitu kinachowavuta mchangani. Na kila wakirukia juu, kitu hiki kinazidi. Maana wote mnasema korongo hawajapungua, wameongezeka. Ni nini?"

Justa akakaza kitambaa chake cha kichwa. Maana ni kweli. Kila korongo waliporukia vichanjani, kesho yake alijaza ndoo zaidi, na kila alipojaza zaidi korongo walikuja zaidi. Siku hizi walikuwapo hata asiowajua, wenye sura za ugenini, ambao bila shaka walisikia habari huko Nansio wakavuka ziwa kuja kula. Alidhani anafukuza ndege. Kumbe alikuwa amefungua hoteli.

"Uchafu," akasema Wilhelmina.

"Mabadiliko ya tabianchi," akasema Masalu, na watu wakapiga makofi, kama inavyopasa likitajwa jambo hilo.

"Mfumo," akasema Justa.

"Mfumo ni picha yote, mama. Hauwezi tena kuingia ndani ya duara lake lenyewe."

"Unashindwaje? Usonge kidogo."

Jovinary akatabasamu, akakuna kidevu kwa kalamu na kujichora mstari wa bluu bila kujua. "Niulize kitu cha kijinga. Sangara wanatumbuliwa wapi?"

"Juu," wakajibu wote.

"Utumbo uko juu. Walaji wako chini. Nani anaacha meza iliyoandaliwa akaenda kukaa uani?"

"Mwanangu," akasema Dorcas, "mimi njaa naijua vizuri. Haina tabia hiyo."

"Basi twendeni tukaitembee hii mishale kwa miguu. Tukifika mahali, mahali penyewe panasema."

Watu wakainuka. Justa akabaki ameketi.

"Nendeni tu. Goti langu hili."

"Asubuhi lilikuwa linapanda mwamba kama la mbuzi," akasema Masalu. "Twende, mayu, mama yangu. Wewe ndiye mpatanishi. Na adhabu ni yako, tutaitekelezaje bila wewe?"

"Sitaki kukanyaga mchanga wa mtu tuliyekosana. Watu watasema nimekuja kushangilia."

"Nakukaribisha," akasema Dorcas. "Mbele ya mashahidi."

Hakukuwa na mlango wa nyuma. Justa akainuka kwa maumivu makubwa, akashika mkono wa Wilhelmina, akateremka. Njiani alitengeneza maneno yake kama mtu anayepanga vyombo. Walipofika chini, pale mchanga unapoanza, akasimama na kugeukia umati.

"Kabla hatujaendelea nataka ifahamike. Toka ugomvi huu uanze, mguu wangu haujawahi kukanyaga hapa. Na korongo hawa siwajui, hawanijui. Mungu ananiona."

"Haya, mama, tumesikia," akasema Jovinary, karatasi yake imekunjwa kwapani.

Korongo walikuwa wametapakaa kando ya maji, kila mmoja na mawazo yake. Mmoja akainua kichwa. Halafu wa pili. Halafu ufuko wote ukawa na vichwa vyenye upara vilivyoinuka, kama kanisani padri anapoingia.

Wakaanza kuja.

Hawakuruka. Walitembea, mabawa mgongoni, bila haraka, kama watu wanaojua chakula chao hakipotei. Waliwapita akina Dorcas waliokuwa na mawe mikononi, wakampita Masalu na upana wake wote, wakampita kijana na kalamu zake. Wakamzunguka Justa. Wakagonga midomo, kwa-kwa-kwa-kwa, ufuko mzima.

"Wanataka nini hawa?" Justa akauliza, sauti nyembamba. "Wilhelmina, umekula nini leo wewe? Wamesikia harufu yako."

Wilhelmina akaachia mkono wake na kusogea kando, ili ionekane vizuri ni harufu ya nani. Korongo hata mmoja hakumfuata.

"Ni kanga," akasema Justa. "Rangi hii. Ndege wanapenda rangi."

"Nami nimevaa kama hiyo," akasema Dorcas. "Tulinunua pamoja, tulipokuwa tunapendana."

Jovinary alikuwa amefungua karatasi yake juu ya jiwe, kalamu nyekundu imening'inia juu ya lile duara tupu. Hakuandika. Alikuwa na heshima ya kungoja.

"Mfumo, mwanangu," Justa akamwambia kwa upole, karibu akimbembeleza. "Si ulisema? Mtu hafanyi kwa ubaya. Anafanya pale aliposimama."

"Nilisema, mama. Na bado nasema. Lakini mshale lazima utoke mahali. Huu niuanzishie wapi?"

"Anzishia kwa mradi! Wao ndio walileta vichanja!"

"Huo nimeshauchora. Huu mwingine."

Kundi likagawanyika kidogo, akapita yule mkubwa mwenye kidole kilichopinda. Alikuwa amechelewa na hakufurahishwa. Akafika mbele ya Justa, akamkagua mkono wa kulia, ambao ndoo hukaa, akaukuta mtupu. Akakagua wa kushoto. Kisha akainama, akashika pindo la kanga kwa mdomo wake mrefu, akavuta.

Justa akavuta upande wake. Bwana Harusi akavuta upande wake. Kanga ikaanza kulegea kiunoni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mbele ya mtaalamu, mbele ya wa juu na wa chini, na mwanamke mwenye heshima zake hawezi kufikiria mambo mengi kwa wakati mmoja.

"We Bwana Harusi, hebu niache!" akafoka. "Leo sijaleta!"

Midomo ikaacha kugonga. Hata mawimbi yalipunguza sauti.

"Leo?" akasema Dorcas.

Justa akaishika kanga yake kwa mikono miwili. Akamtazama Dorcas, akamtazama Masalu, akatazama juu kule kwenye bega la mwamba, ambako upepo ulikuwa ukipita kwenye nyavu zake bila kumsubiri.

"Namaanisha," akasema, "mwaka huu."

Bwana Harusi akakunja miguu yake mirefu, akaketi mbele yake mchangani, akangoja.